Maswali na majibu: Pikipiki ya zamani inayomisi

Maswali ya safari hii yanahusu Honda CG125 na pikipiki za Kichina zilizotengenezwa kwa mfano wa injini hiyo, zenye kabureta na CDI (kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche ya plagi). Vipimo tunavyotoa ni vya injini hizo.

Asubuhi inaenda vizuri. Ikishapata moto inakatakata na mwisho inazima. Ikipoa inawaka tena. Plagi nimeshabadilisha mara mbili. (Kahama)

Ndugu, usinunue plagi nyingine. Hapo kuna mambo mawili ya kuangalia: tangi linakosa hewa, au umeme unakatika kwa joto.

Anza na tangi, maana halikugharimu kitu. Ikianza kukata, simama, acha injini iendelee kuunguruma, kisha fungua mfuniko. Ukisikia hewa inavutwa kuingia na injini ikatulia, tundu la hewa kwenye mfuniko limeziba. Lizibue kwa waya mwembamba.

Kama hakuna mabadiliko, hamia kwenye umeme hapo hapo, ikiwa bado ya moto. Ikipoa hutaona kitu. Iache plagi iliyomo mahali pake, chomoa kofia ya plagi, chomeka plagi ya akiba, kisha gusisha chuma chake kwenye hedi na upige kiki. Cheche nzuri ni ya bluu na inasikika. Ikiwa ya njano, nyembamba au inarukaruka, umeme una tatizo. Usipige kiki kofia ikiwa inaning'inia: umeme usiopata pa kwenda unaweza kuua koili (kifaa kinachopandisha umeme wa plagi) au CDI.

Sasa chukua mita. Upande wa kuingilia umeme, koili husoma chini ya ohm 1 au karibu na hapo. Upande wa waya wa plagi, bila kofia, ni takriban kilo-ohm 3 hadi 5, na kofia peke yake mara nyingi ni kilo-ohm 5. Pulsa, kile kikoili kidogo kando ya magineti, husoma ohm mia na kitu. Watengenezaji hutofautiana, kwa hiyo linganisha pikipiki na yenyewe: pima ikiwa baridi, andika, halafu pima ikiwa ya moto. Kupanda kidogo ni kawaida ya shaba. Mita ikionyesha njia imekatika, waya wa ndani umevunjika na ncha zake zinaachana joto likizidi. Kifaa hicho kibadilishwe.

CDI yenyewe haipimiki kwa mita ukapata jibu la kuaminika. Azima nzima ujaribu, lakini iwe ya mwisho. Wengi huanza nayo, na pesa huishia hapo.

Sailensa (injini ikiunguruma bila kupewa mafuta) iko safi, lakini nikipanda mlima na abiria inakata kama imeishiwa mafuta. (Mbeya)

Ikianza kukata, vuta choki nusu. Ikipata nguvu, injini ilikuwa na njaa ya petroli. Ikizidi kuwa mbaya, mafuta yamezidi (soma swali la plagi nyeusi) au cheche ni dhaifu, na hapo kazi ni ile ya swali la kwanza.

Kwa njaa ya petroli, zima injini, chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta na ufungulie koki mafuta yaingie kwenye chupa, mbali na moto wowote. Yanatakiwa kushuka mfululizo. Yakidondoka au yakififia, safisha chujio la koki. Tangi la zamani huacha kutu inayojaa hapo. Yakishuka vizuri, fungua bakuli la kabureta na utoe jeti kubwa. Ipulize kwa hewa, kisha iangalie ukiielekeza kwenye mwanga: tundu lionekane duara kamili. Usilichokonoe kwa waya wa chuma. Ukilipanua hata kidogo, pikipiki itaanza kula mafuta kupita kiasi.

Mvua ikinyesha tu inamisi. (Kisumu)

Ni kofia ya plagi au waya wake. Usiku, gizani, nyunyizia maji kidogo kwenye waya huku injini ikiwaka, bila kuugusa. Utaona cheche zinatoroka kwenda kwenye chuma. Kata waya milimita 5 mwishoni, kaza kofia mpya yenye mpira mzima. Legeza pia skrubu ya chini ya bakuli la kabureta: maji yakitoka pamoja na petroli, huenda mfuniko wa tangi unavuja.

Plagi inakuwa nyeusi kila wiki. Fundi anasema ringi zimekwisha. (Morogoro)

Kabla hujakubali kufungua injini, gusa weusi huo kwa kidole. Ukiwa mkavu kama masizi, ni petroli nyingi: chujio la hewa chafu, choki isiyorudi, au klipu ya sindano ya kabureta iliyoshushwa na mtu. Ipandishe tundu moja juu uone.

Ukiwa na mafuta ya injini, hapo fundi anaweza kuwa sahihi. Piga kiki usikie mbano (ugumu wa kiki injini ikibana hewa), kisha mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, piga tena. Mbano ukiongezeka wazi, ni ringi au silinda. Usipobadilika, tatizo liko kwenye valvu. Na mbano ukiwa mzuri tangu mwanzo, angalia sili za valvu kwanza.

Plagi iwe D8EA, uwazi milimita 0.6 hadi 0.7. Ikaze kwa mkono mpaka ikae, halafu nusu mzunguko kwa spana.

Je, tapeti (skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu) zinaweza kufanya injini imisi? (Tabora)

Ndiyo, hasa zikibana, na zikibana hazipigi kelele, ndiyo maana husahaulika. Valvu haifungi kabisa, mbano unavuja, sailensa inayumba, na valvu ya ekzosi huungua ikiachwa hivyo. Rekebisha injini ikiwa baridi, bora iwe imelala usiku kucha. Zungusha magineti mpaka alama ya T ikae sawa na alama ya injini, na roka (mikono inayosukuma valvu) zote mbili zicheze kidogo. Zisipocheza, zungusha mara moja zaidi: pistoni ilikuwa juu kwa mzunguko wa ekzosi. Weka milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, ukitumia fila (bapa nyembamba za kupimia nafasi). Baada ya kukaza nati pima upya, kwa sababu mara nyingi skrubu huzunguka pamoja nayo.