Fistula changa inapovimba ikichomwa

SWALI: Nimehamishiwa chumba cha kusafisha damu hapa Mtwara. Tuna mama mmoja, mbangua korosho, ambaye fistula yake (mshipa wa mkononi uliounganishwa na ateri kwa upasuaji ili utumike kusafishia damu) ina wiki sita. Tumemchoma mara mbili, na mara zote mkono umevimba na kuvilia damu. Tatizo ni sindano au fistula haijakomaa? – Muuguzi, Mtwara

JIBU: Anza na fistula, dada. Wiki sita peke yake si ushahidi kwamba imekomaa. Mfunge mpira mkononi, upapase: mshipa uwe na upana wa milimita 6 hivi, na usizame zaidi ya milimita 6 chini ya ngozi. Fungua mpira, weka vidole karibu na mshono, pale mshipa ulipounganishwa na ateri. Unatakiwa kuhisi mtetemo laini usiokatika. Ukihisi mdundo mkali tu, huenda mbele kuna mahali pamebana. Mwinue mkono juu ya usawa wa moyo, mshipa unywee. Usiponywea, usichome. Mrudisheni kwa daktari, apimwe kwa altrasaundi.

Ikiwa imekomaa, tumia sindano namba 17 na pampu ya mililita 200 hadi 250 kwa dakika. Kukimbilia namba 15, ambayo ni nene zaidi, kunaharibu fistula changa, na mgonjwa hana mishipa ya kuchezea. Ioshe ngozi kwa sabuni, paka klorheksidini, subiri ikauke. Sindano ya kuvuta damu ikae angalau sentimita 3 kutoka kwenye mshono. Ingia kwa nyuzi 25 hivi. Damu ikionekana kwenye mrija, laza sindano ndipo uisukume. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaendelea na pembe ileile, ncha inatoboa ukuta wa nyuma, damu inamwagika ndani ya nyama.

Ukivimba, simamisha pampu mara moja. Sindano itoke yote ndipo ubane, kwa vidole viwili. Ukibana ingali ndani, inachana mshipa. Usibane hadi mtetemo upotee. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kisha pumzisheni fistula hadi uvimbe uishe. Kama bado ana katheta (mrija wa kusafishia damu uliowekwa kwenye mshipa mkubwa), itumieni hiyo, na msiharakishe kuitoa.

Kuhusu kazi yake: mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na kidonda juu ya fistula ni njia ya vijidudu kuingia kwenye damu. Msimu huu wa kubangua apumzike, au angalau mkono huo uwe ndani ya shati la mikono mirefu lisilobana. Ndoo na mizigo abebe kwa mkono mwingine, na presha apimwe huko huko. Mfundisheni kupapasa mtetemo kila asubuhi. Siku asipouhisi, aje hospitali siku hiyo hiyo.