Swali la lugha: Hewa iliua, haikupelekea kifo

Swali: Ninaandika riwaya ya upelelezi. Mauaji yanatokea Uskoti, ndani ya kiwanda cha wiski ambacho familia moja imekirithishana tangu enzi za babu. Niseme wiski inapikwa, inatengenezwa au inakenekwa? Sentensi yangu ya kwanza ni hii: "Hewa ukaa iliyojaa kwenye pipa la mvinyo ilipelekea kifo cha mzee mwenye kiwanda, hali iliyopelekea ugomvi wa mirathi."

Jibu: Kukeneka ndilo neno lenyewe. Ni kuchemsha kioevu mpaka kitoe mvuke, kisha kuupooza mvuke urudi kuwa kioevu. Ndiyo maana tunasema maji yaliyokenekwa. Kupika si kosa. Watu husema pombe inapikwa, na mfanyakazi wa kiwandani ndani ya riwaya anaweza kusema hivyo bila kumkera mtu. Msimulizi, yeye, atenganishe hatua. Kimea cha shayiri husagwa na kuchanganywa na maji ya moto ili sukari itoke. Maji hayo matamu hutiwa hamira kwenye tangi, yakaachwa yachachuke kwa siku mbili au tatu. Kisha hukenekwa, kwa kawaida mara mbili, kwenye mitungi mikubwa ya shaba. Mwisho hutiwa kwenye mapipa ya mwaloni, na sheria inataka wiski ikae humo, hukohuko Uskoti, si chini ya miaka 3, katika pipa lisilozidi lita 700.

Kwa hiyo mzee wako hakufia kwenye pipa. Pipa limezibwa, na tundu lake la ubavuni halipitishi hata ngumi. Alifia kwenye tangi la kuchachushia. Mvinyo nao ufute: neno hilo tulilipata kwa Wareno, na msomaji wa leo akiliona hufikiria zabibu. Wiski ni wiski, kutoka maneno ya Kigaeli yenye maana ya maji ya uhai.

Hayo ni madogo. Kinachoniudhi ni hiyo "ilipelekea", na umeiweka mara mbili katika sentensi moja.

Kitazame kitenzi. Peleka, kitie kauli ya kutendea, unapata pelekea. Kauli hiyo inadai mpokeaji: mpelekee bibi chai, nimempelekea mwalimu barua. Yupo anayepeleka, kipo kinachopelekwa, yupo anayepelekewa. Hewa yako ilipeleka nini? Kwa nani? Kwa sarufi uliyoiandika, kifo ndicho kilichopelekewa, na mzigo wenyewe hautajwi. Hiki ni Kiingereza kilichovishwa kanzu: kitenzi chao cha kuongoza njia, wanachokitumia kwa maana ya kusababisha, kimehamishwa mzimamzima hadi kwetu, ambako hakikuwa na kazi iliyokosa mtu.

Wapo watakaosema limeshazoeleka. Limezoeleka kweli, redioni, magazetini na kwenye hotuba. Katika taarifa ya mvua iliyoharibu barabara nimechoka kulipinga, na siku hizi nalipita kimya. Kwenye riwaya ya upelelezi sinyamazi, maana kazi yote ya riwaya hiyo ni kuuliza nani alifanya nini na nini kikafuata. "Kupelekea" linalifuta swali kabla mpelelezi hajavua koti.

Chukua tangi lako. Hamira ikila sukari hutoa pombe na hewa ukaa. Hewa hiyo ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya hewa tunayovuta, kwa hiyo hutanda juu ya povu, chini ya ukingo wa tangi, isionekane. Anayeinama na kuvuta pumzi humo huwashwa pua, kichwa kikamzunguka, na ikiwa imejaa sana huzimia kabla hajajua kinachompata. Anayeingia kumwokoa bila vifaa vya kupumulia huanguka juu yake. Hata tangi likishamwagwa, hewa hubaki chini, ndiyo maana msafishaji haruhusiwi kuingia mpaka lipitishiwe hewa safi na kupimwa. Umeona wingi wa mambo hapo? Sasa soma tena: "ilipelekea kifo". Yote yametoweka.

Kiswahili kina chombo cha kazi hii, nacho ni -ka-. "Mzee aliinama, akavuta pumzi, akazimia, akatumbukia." Kila tendo linalivuta jingine, na msomaji anaona mnyororo bila kuambiwa kwamba ni mnyororo. Kisha mpelelezi anauliza kiungo kimoja: kwa nini aliinama, ilhali amefanya kazi hapo miaka arobaini na anajua hewa ile inaua?

Tena lugha inakuruhusu kuficha mambo kihalali, sura baada ya sura. Siku ya maiti kuonekana andika: "Mzee alikutwa amekufa ndani ya tangi." Hapo hujamtuhumu mtu. Daktari akishapima: "Alikufa kwa kukosa hewa." Hiyo "kwa" ndogo inabeba sababu yote, haihitaji kitenzi cha kukodi. Mpelelezi akiona michubuko kwenye vifundo vya miguu: "Aliuawa." Kauli ya kutendwa inataja mauaji na kumfunika muuaji, ukiacha "na fulani" hakuna atakayekulaumu. Mwisho kabisa: "Mpwa wake alimshika miguu, akamtumbukiza." Mtenda, mtendwa na tendo, kila mmoja mahali pake. Sentensi nne kwa kifo kimoja, na hakuna hata moja inayoweza kukaa kwenye sura ya mwenziwe.

Ugomvi wa mirathi, kifo kiliuzua. Au kiliuchochea, kama ulikuwepo tangu zamani, na kwenye kiwanda cha familia kwa kawaida ulikuwepo. Na usije ukaandika "hali iliyopelekea mpelelezi kushuku". Pipa hupoteza karibu asilimia 2 ya wiski kila mwaka kwa mvuke unaopenya mbao, hivyo la miaka 20 huwa limepungua kama theluthi. Andika: "Pipa la miaka 20 lilikuwa limejaa pomoni. Mpelelezi akashuku." Basi.

Mpwa huyo, kabla hajashtakiwa, ni mshukiwa. Akifikishwa mahakamani na kusomewa mashtaka ni mshtakiwa. Usimwite muuaji mpaka ahukumiwe, isipokuwa mdomoni mwa shangazi mwenye hasira. Na kwa kuwa uko Uskoti, kifo cha kutiliwa shaka huchunguzwa chini ya mwendesha mashtaka wa serikali, si afisa wa vifo kama ilivyo England.

Sijakuambia ulifute "pelekea" kwenye muswada wote. Kama katika sura ya pili mkwewe anapanda ngazi na kinywaji, andika bila woga: "Alimpelekea mzee glasi ya wiski ofisini." Aliyepeleka yupo, aliyepelekewa yupo, na glasi ipo, mpelelezi ataitafuta.