Stepu za kupandia juu ya reli za Land Cruiser: nichomelee au niache?

SWALI: Fundi shikamoo. Mi ni dereva wa utalii hapa Arusha, gari ni Land Cruiser 78, tumeinyanyua kidogo na nyuma tumeongeza pleti za springi, pembeni nina zile reli za chuma za kukinga mawe zimefungwa kwenye chesisi. Shida ni wageni, wengi watu wazima miaka 65, 70, magoti yanasumbua, na mwezi uliopita mama mmoja aliteleza pale kwenye reli akachubuka muundi vibaya. Nimeona madukani stepu ndefu zinazotoka tairi la mbele mpaka la nyuma, na jamaa wa kuchomelea anasema anazichomelea chini ya reli, siku moja kazi imeisha. Nimkubalie? Naenda sana Ngorongoro na Natron.

JIBU: Marahaba kaka, na pole kwa huyo mama. Usimkubalie. Stepu weka, maana hao wazee wana haki ya kupanda gari bila kuumia, ila sio ndefu na sio za kuchomelea.

Angalia gari lako kwa ubavuni. 78 toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni milimita 2,980, na kama lako limerefushwa kama magari mengi ya utalii hapo Arusha basi ni zaidi ya hapo. Katikati ya huo urefu ndo sehemu inayokaa kwenye jiwe au tuta la korongo matairi ya mbele yakishavuka. Watu wananiambia fundi mbona difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, iko chini kuliko stepu, kwahiyo stepu haina neno. Sio hivyo, difu inapanda na kushuka pamoja na matairi, tairi likikanyaga jiwe na difu inainuka, lakini ubavu wa katikati hauna tairi la kuuinua. Reli yako imebanwa juu karibu na bodi kwa sababu hiyo, ukining'iniza kitu sentimita 20 chini yake urefu mzima umeurudisha ubavu chini, na kwenye yale mawe ya volkano njia ya Natron utasikia. Kwenye udongo wa mbuga masika ndo mbaya zaidi, matairi yakishazama kwenye mfereji stepu ndefu inalala juu ya tope na kulisukuma kama jembe, gari linakaa hapohapo.

Halafu kuchomelea. Jiwe likiipiga stepu iliyochomelewa, nguvu yote inaenda kwenye reli, na reli inaipeleka kwenye chesisi. Stepu inatakiwa iwe ya kwanza kupinda. Nimeshaona reli nzuri kabisa imesokotwa kwa sababu ya stepu ya bei rahisi, roho iliniuma. Na moto wa kuchomelea unaunguza rangi mpaka ndani ya paipu ya reli ambako hufikishi brashi, kutu inaanzia ndani wewe huioni.

Mi ningefanya hivi. Stepu fupi ya upana wa sentimita 40 hivi, moja kila mlango wa abiria, inashikwa kwenye reli kwa yubolti (bolti zilizopinda kama herufi U) mbili zilizoachana vizuri na raba katikati isile rangi. Usitoboe reli. Mtu wa kilo 110 akikanyaga sentimita 20 nje ya reli anaisokota kama mtu anayevuta spana, yubolti moja itazunguka tu siku ya kwanza. Bolti za kushika stepu kwenye mkono wake, kile chuma kinachoiunganisha na reli, ziwe nyembamba kuliko zinazoshika reli, M8 (unene milimita 8) za daraja la ugumu 8.8 mbili zinabeba mtu bila wasiwasi, nati ziwe zile zenye plastiki ndani zisifunguke na mtetemo wa barabara, na kaza tena baada ya safari ya kwanza. Pa kukanyagia pawe bati la matundu yenye meno, tope lidondoke, maana paipu laini yenye umande asubuhi ndo inayoangusha watu na nahisi ndo ilimwangusha huyo mama. Kabla hujakaza fungua milango yote mpaka mwisho, na ukate usukani kushoto na kulia uone tairi haligusi.

Jeki usiiweke kwenye stepu hata siku moja, iweke kwenye reli.

Kitu kingine ambacho madereva wengi wanakisahau ni hendeli. Mzee mwenye goti bovu anajivuta kwa mkono kuliko anavyojisukuma kwa mguu, kwahiyo funga hendeli imara kwenye nguzo ya mlango, upande wa ndani, urefu wa kifua chake akiwa bado chini. Hapo hata stepu ikiwa juu kidogo atapanda.

Na hesabu mgeni anapanda mara ngapi kwa siku. Ngorongoro chini kwenye kreta hashuki ovyo, ni kwenye zile sehemu zilizoruhusiwa tu, kwahiyo ni asubuhi hotelini, saa ya chakula, labda choo, na jioni. Kwa mara nne tano hizo hata kigoda imara cha mbao chenye raba miguuni kinatosha, unashuka wewe kwanza unakiweka na unampa mkono. Siku za Natron fungua stepu zote uziweke nyuma na spana yake, dakika 10 tu, ukifika kambini unazirudisha kabla wageni hawajaanza kushuka.