Tuzo ya Santuri ya Dhahabu: Ya Mwaka 1972 Kweli?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mkusanyaji wa santuri za zamani. Hivi karibuni muuzaji mmoja wa vitu vilivyotumika hapa Kariakoo alinionyesha fremu yenye santuri ya rangi ya dhahabu, akadai kwamba ni tuzo ya mauzo iliyotolewa Marekani mwaka 1972 kwa albamu ya soul. Kibao chake kinaeleza kuwa albamu iliuza zaidi ya nakala 500,000, na kando yake kuna alama ya hologramu. Nilipoimulika kwa tochi niliona upande unaoonekana una nyimbo tano, ilhali lebo imeorodhesha sita. Anataka shilingi milioni moja na nusu. Je, ni ya bandia?
Msomaji, Ilala

JIBU: Ndugu msomaji, jambo lililokutia shaka ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote uliyoyataja. Watengenezaji wa tuzo hizi hawakuona haja ya kutumia santuri ya albamu yenyewe. Mara nyingi walichukua santuri yoyote iliyokuwapo, au kalibu ya chuma ya kufyatulia santuri, wakaipa utando wa rangi ya dhahabu na kubandika lebo iliyotakiwa. Kwa hiyo tuzo nyingi halali zina nyimbo zisizolingana na lebo, na hakuna yenye dhahabu ya kumpelekea sonara.

Kinachopaswa kukushtua ni kibao na hologramu. Chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani, RIAA, kilianza kutoa tuzo zake mwaka 1958 (kabla ya hapo kampuni zenyewe ndizo zilizotoa tuzo, kama RCA Victor ilivyompa kiongozi wa bendi Glenn Miller santuri ya dhahabu mwaka 1942), na kwa albamu kipimo cha dhahabu hakikuwa idadi ya nakala bali fedha, yaani mauzo ya dola milioni moja kwa bei ya jumla ya mtengenezaji. Kipimo cha nakala 500,000 kilikuja katikati ya miaka ya 1970, na platinamu, ya nakala milioni moja, ikaongezwa mwaka 1976. Hologramu nayo haikuonekana kabla ya katikati ya miaka ya 1980. Fremu ya mwaka 1972 ingekuwa na mandhari ya kitani cheupe, ambacho kwa umri huo aghalabu kimeanza kuwa cha manjano, na kibao chake kingetaja dola.

Hata hivyo, simwiti muuzaji wako tapeli. Tuzo haiji yenyewe: kampuni ya muziki ndiyo inayoomba mauzo yakaguliwe na kulipia, na inaweza kuagiza fremu nyingine miaka mingi baadaye, ambayo hufuata mtindo wa wakati ilipotengenezwa. Huenda basi ulichoonyeshwa ni kitu halali cha miaka ya 1980 au 1990 kinachohusu albamu ya mwaka 1972, na hicho si cha kulipiwa bei ya tuzo ya zamani. Tovuti ya RIAA ina kumbukumbu zilizo wazi kwa kila mtu; tafuta jina la albamu uone ilithibitishwa lini.

Kisha soma jina la aliyepewa, kwa maana bei hukaa hapo zaidi kuliko kwenye santuri. Albamu moja ilizaa fremu nyingi, za mwimbaji, mtayarishaji, maofisa wa kampuni, hata vituo vya redio. Ile ya mwimbaji mwenyewe ndiyo ghali, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo ambayo kibao chake hubadilishwa na wajanja. Muuzaji akikuambia ni ya mwimbaji, mdai barua, picha ya siku ya kukabidhiwa au stakabadhi ya mnada. Simulizi tamu ya kwamba ilitoka kwa mjomba aliyekuwa baharia haitoshi.

Mwombe pia aigeuze fremu. Karatasi ya kuziba vumbi iliyochakaa na lebo ya mtengenezaji mgongoni ni ushahidi, nao hupotea mara fundi wa fremu anapoombwa "kuisafisha". Ukiinunua, usiifungue, na usiitundike kwenye ukuta unaofukuta unyevu wala panapopiga jua la mchana, kwani joto la Dar es Salaam hukunja kadi na kuleta ukungu ndani ya kioo. Kwa maelezo uliyonipa, mimi nisingevuka theluthi ya bei anayoitaka.