Anaimba alfabeti, lakini hasomi

Ujumbe wa aina moja hurudi tena na tena kutoka kwa wazazi wanaofundisha watoto nyumbani: mtoto ana miaka mitano, anaimba alfabeti yote, anahesabu hadi hamsini bila kukwama, lakini ukimwandikia "kiti" anabaki kukodoa macho, na ukimwomba vifuniko saba anajaza kiganja tu. Mara nyingi mtoto huyo hana kasoro yoyote. Alichofundishwa ni wimbo. Mpe vitu vya kushika, kisha vuruga mpangilio kila mara ili ulimi usitangulie macho.

Anza na masikio. Tamka "kalamu" polepole, naye aweke kifuniko kimoja cha chupa kwa kila silabi: ka-la-mu, vitatu. "Mti" litamtatiza, atataka kuweka kimoja. Mwonyeshe kwamba ile m inasimama peke yake: m-ti, viwili. Wazazi wengi huliruka zoezi hili kwa sababu halina karatasi wala kalamu, halionekani kama masomo. Tafadhali usiliruke. Asiyesikia silabi hawezi kuziunganisha akiziona.

Zikija herufi, zitaje kwa sauti, si kwa jina. Aliyeambiwa kwamba b ni "be" akikutana na "ba" atasoma "bea", na kwa alivyofundishwa hajakosea. Tumia herufi ndogo: irabu tano kwanza, kisha m, k, t na l pekee. Hizo zinatoa silabi 20, pamoja na ile m inayosimama peke yake, na humo tayari mna mama, kaka, kuku, moto, kiti, meli, lala, mkeka na mtoto. Usikimbilie konsonanti ya tano kabla hajasoma maneno hayo. B na d usizilete pamoja hata kidogo, kwa kuwa ni umbo lilelile lililogeuzwa. B ikae imara kwanza, d ije baadaye.

Kifaa ninachokipendekeza kuliko vyote ni kadi ya dirisha. Kata manila yenye upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 10. Kushoto andika m. Kulia kwake chana mikato miwili ya mlalo, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja sentimita 5, ukiacha sentimita 4 katikati. Kisha kata utepe wa manila wenye upana wa sentimita 4 na nusu na urefu wa 30, uandike irabu kutoka juu kwenda chini, moja kila baada ya sentimita 5. Utepe utokee mbele kupitia mkato wa chini na urudi nyuma kupitia wa juu, ili irabu moja tu ionekane. Mkato ukilingana kabisa na utepe, karatasi inakunjamana na mtoto anakata tamaa. Ndiyo maana umeachiwa nafasi.

Irabu ziandikwe o, a, u, e, i. Ukiandika a, e, i, o, u ataghani "ma, me, mi, mo, mu" huku anatazama dirishani. Vuta juu, rudisha chini, simama ghafla.

Kwa hesabu, chora visanduku 10 katika safu mbili za vitano, na uwe na vifuniko 10. (Kama kuna mdogo wake anayetia kila kitu mdomoni, fanyeni akiwa amelala, kisha vihesabuni vyote wakati wa kuvihifadhi.) Kosa la kawaida ni kidole kwenda polepole kuliko ulimi. Basi asiguse tu. Kila kifuniko kihamie kisandukuni ndipo namba itamkwe. Akimaliza, muulize: "Vingapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi. Usimpe jibu. Rudi kwenye vitatu au vinne, ahesabu, uvifunike kwa kiganja, kisha uulize tena. Hapo hana cha kuhesabu upya, inambidi aitegemee namba aliyoishia.

Baada ya hapo, weka vitano mezani, kisha baadhi yake vifiche chini ya kikombe. Anaona viwili, vingapi vimefichwa? Kaeni na tano mpaka ajibu bila kusita, ndipo muende kumi.

Makumi yafundishwe kwa vijiti, naye mwenyewe afunge kila kumi kwa mpira. Kumi na tatu ni kitita kimoja na vijiti vitatu, kama inavyotamkwa. Tatizo huja kwenye kuandika: wengi huandika 103, kwa sababu wanasikia kumi, kisha tatu. Kufuta na kumkaripia hakusaidii. Tengeneza kadi ya 10 yenye upana wa sentimita 8, tarakimu zikiwa katikati ya kila nusu, na kadi za 1 hadi 9 zenye upana wa sentimita 4. Kadi ya 3 aiweke juu ya sifuri, 13 itokee, kisha aweke kitita na vijiti vitatu pembeni. Fanyeni hivyo kwa namba zilizochanganywa, 17 kabla ya 12, mpaka aziandike bila kadi.