Shamba tunalima wote, hela inaingia akaunti ya mume

SWALI: Shangazi shkamoo. Niko Tandahimba, nina mume na watoto watatu. Shamba la mikorosho tulifyeka wote na miche nikapanda mimi. Msimu ukifika mwenzangu anapuliza salfa, akimaliza hapo basi kamaliza, mi ndo naokota, natenganisha na mabibo, naanika, nachambua, alafu nikirudi maji nafuata mimi, jiko mimi, mtoto akiumwa mimi. Mzigo ukishaenda AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, na mnada ukapita hela inaingia akaunti yake, hata karatasi sioni. Nikauliza, nikajibiwa eti we hufanyi kazi, mi ndo natafuta. Korosho zikiisha shambani nafanya kibarua kiwanda cha kubangua, nako wanawake tumejazwa kwenye kumenya tunalipwa kwa kilo, masupavaiza wote wanaume, na nikitoka kunyonyesha nasemwa. Hivi kweli sifanyi kazi? – Mama Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo akaokote yeye wiki moja tu na jua lile la Novemba kiuno kimepinda, alafu aje aseme nani anatafuta.

Kisheria hilo la hufanyi kazi lilishajibiwa zamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 114 inasema mahakama ikigawa mali ya wanandoa walioachana iangalie mchango wa kila mmoja, wa hela, wa mali au wa kazi, na mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu Mahakama ya Rufani ikasema kupika na kulea nako ni mchango. Wengi wanaishia hapo wakishangilia. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, ilionekana mume alishampa hela akazitumia ovyo, ikahesabika fungu lake kashalila.

Tena hiyo ni ya walioachana, na we sijaona umeandika unataka talaka, unataka hela ya sare za shule! Kwa hiyo mi nakwambia anza na jina. Kwenye daftari la chama kama haupo basi we si mkulima, hata ungeokota magunia mangapi. Omba uanachama wako, fungua akaunti yako, mkubaliane kipande fulani cha shamba mzigo wake unapelekwa kwa jina lako. Na kama shamba hamjapima, hati ya kimila ya kumiliki ardhi inaweza kuandikwa majina ya mume na mke wote wawili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume, usikubali uandikwe shahidi kwenye shamba ulilopanda mwenyewe.

Hayo usiyaanzishe siku hela imeingia na washkaji wanamsubiri nje, hatakusikia. Yaongee wakati wa kupalilia, msimu bado, na akikaza mwite mjomba. Maana huku Wamakonde, Wamakua, Wayao tunatamba kwamba ukoo unafuata mama, sasa mbona kwenye madaftari ya korosho wamejaa kina baba watupu? Mjomba aulizwe hilo.

Kiwandani: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayenyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na inamtaka mwajiri alipe sawa mwanamke na mwanaume kwa kazi yenye thamani sawa. Shida kibarua hana karatasi, ndo maana wanawaonea. Andika kilo zako kila siku, meseji za malipo usifute, jikusanyeni muende wengi kwa bosi. Akigoma kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila msikae mpaka msimu mwingine, malalamiko kama hayo yanapelekwa ndani ya siku 60, na ukifukuzwa ni siku 30 tu.

SWALI: Shangazi, mke wangu kajifungua, nikachukua likizo kazini, nafua nepi na kupika uji. Majirani hapa Lindi wanasema nimelishwa limbwata. Nimekosea? – Baba Mpya

JIBU: Hongera baba! Likizo hiyo ipo kwenye sheria hiyo hiyo ya 2004, siku 3 zenye malipo, unazichukua ndani ya siku 7 mtoto akishazaliwa. Mama anapata 84, wakiwa mapacha 100, we unapewa 3, jamani, masika hayo nepi yenyewe haijakauka. Hao majirani waambie limbwata limebaki kidogo, waje wachukue wapeleke kwao, wake zao watashukuru. Na uji usiwe mzito sana siku za mwanzo.