Dini na lugha havisafiri pamoja kila mara
Unauliza kama dini mpya ikiingia mahali, lugha ya wenyeji lazima ife. Hapana. Waarabu, wakiwa na dini mpya ya Uislamu, waliziteka Misri na Uajemi (Iran ya leo) katika karne ileile ya 7. Wamisri walihamia Kiarabu polepole, Kikopti, lugha yao ya awali, kikabaki kwenye ibada za kanisa. Waajemi wengi nao wakasilimu, ila lugha yao hawakuiacha: walichukua hati ya Kiarabu na maneno tele, wakaendelea kutunga mashairi kwa Kiajemi. Hata Nairuzi, mwaka mpya wao uliotangulia Uislamu, wanausherehekea hadi leo (na neno lenyewe, jambo linalonifurahisha sana, limefika mpaka kwenye Kiswahili). Tena dini huweza kuingia hata bila kutekwa: Indonesia haikutekwa na Waarabu kabisa; Uislamu ulifika kwa wafanyabiashara na masheikh.